Kabla hujapanua tundu la mandola yako kwa kisu, soma yaliyonikuta stesheni ya Lubumbashi

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa na wadogo wa jukwaa hili.

Mimi ni mtu wa kusoma na kupita. Komenti zangu humu ni chache, na nyingi ni za kugombana na watu wanaoandika uongo kuhusu mapishi. Leo nimeshindwa kupita.

Kuna kijana kafungua uzi juzi. Kanunua mandola, anasema sauti yake haifiki nyuma ya kanisa, anaomba ushauri. Mchangiaji mmoja anayejiita fundi akamjibu: chukua kisu, panua tundu, sauti itatoka nyingi. Na watu wakampa laiki.

Kijana, weka kisu chini kwanza. Kaa.

Mume wangu ni fundi wa mandola. Na hilo tundu unalotaka kulipanua, mimi nililipanua kwa mkono wangu mwenyewe, mbele za watu, siku mbaya kuliko zote nilizowahi kuishi. Ninayoandika hapa sijayaongeza chumvi. Asiyeamini aje Lubumbashi, chombo chenyewe kimetundikwa ukutani kwetu atakiona.

Kiswahili changu cha Lubumbashi kikichungulia mahali, mtanivumilia.

Kwa wasiojua, mandola ni dada mkubwa wa mandolini. Nyuzi nane zilizofungwa mbili mbili, tumbo kubwa zaidi, sauti nzito zaidi. Kwetu zilipigwa sana parokiani na kwenye matanga.

Mume wangu, nitamwita Baba Odile kama ninavyomwita nyumbani, alikuwa na atelye, karakana ndogo, komini ya Kenya. Wenzangu wa Nairobi tulieni, Kenya hii ni mtaa wa Lubumbashi, masoko na karakana na makanisa kila kona.

Mwili wa mandola aliuchonga kwa mulombwa, ule mti wetu mwekundu mgumu. Uso wa mbele aliutoa kwenye mbao laini za makasha yaliyoleta mashine za mgodini. Nyuzi alizipata kwa kufumua waya wa breki za baiskeli.

Alitengeneza za aina mbili. Moja ina tundu la duara katikati. Nyingine ina matundu mawili marefu pembeni, yamejikunja kama herufi f, kama ya fidla.

Ni ndugu wa tumbo moja wasiofanana tabia. Ya duara ina besi, inavuma, noti inakaa hewani kabla ya kufa. Hiyo ni ya chumbani, ya watu waliokaa karibu karibu. Ya f ni kavu na kali, haibembelezi mtu, lakini inafika. Hiyo ni ya maandamano ya parokia, ya uwanja wenye kelele.

Sasa sikieni kosa walilolifanya wateja wetu karibu wote.

Mtu ananunua ya duara kwa sababu imemliza pale atelye. Anaipeleka kwenye harusi ya uani, haisikiki. Anajiambia mlango mdogo unapitisha watu wachache. Anachukua kisu, anapanua.

Tundu likishakuwa kubwa, ile hewa ya ndani ya tumbo haivumi tena chini, inapanda juu. Besi inakwenda zake. Inabaki sauti ya puani, ya kukwaruza. Kweli inachomoza kwenye kelele, ila utatamani isingechomoza.

Halafu anairudisha kwa Baba Odile, anadai kauziwa kitu kibovu.

Mume wangu ni mpole jamani. Nimeishi naye ujana na uzee, sijamsikia akifoka kwa chakula kuchelewa wala kwa mtoto kuvunja kitu. Lakini mletee mandola iliyokatwa tundu! Anaisikia ikiwa bado mtaa wa nyuma, inapigwa na mwenyewe njiani, na anatoka na vumbi lake la mbao kwenda kumpokea huyo mtu kwa maneno. Mimi nilikuwa najificha jikoni nacheka.

Jambo jingine mlishike, maana stori yote imesimama hapo.

Anayepiga mandola haisikii vizuri, kwa sababu tundu linatazama mbele, yeye yuko nyuma. Kwa hiyo Baba Odile hakuwahi kuhukumu chombo alichokipiga mwenyewe. Alinifundisha mimi kapande kafupi, noti tatu za chini halafu kupanda, ka kuamshia kila mandola mpya. Hakuna mwingine aliyekajua.

Mimi nasimama mlangoni napiga. Yeye anatoka, anavuka ua, anakwenda kusimama ng'ambo ya fensi ya jirani, anasikiliza. Nikimaliza ananiambia turudie, au anarudi kimya na kuchukua tupa. Ndoa yetu ilikuwa hivyo, mimi huku na chombo, yeye kule na masikio.

Halafu nchi ikavunjika.

Ilikuwa bado inaitwa Zaire. Mgodi ulikuwa unakufa, mshahara ulishakuwa hadithi, na wanasiasa wakaona rahisi kuwaambia watu wa Katanga kwamba mchawi wao ni jirani mwenye asili ya mkoa wa Kasai.

Mimi ni wa kaskazini ya Katanga, baba yangu na kaka yangu wote watu wa reli. Baba Odile alizaliwa Lubumbashi, akabatizwa Lubumbashi, Kasai alikuwa hajaiona hata kwa ndoto. Lakini babu yake aliletwa kutoka huko kufanya kazi mgodini. Ikatosha.

Watu tuliokuwa tukiazimana nao chumvi wakaanza kupita bila kusalimia. Mchana mmoja vijana wakaingia atelye, wakabeba mbao, vyombo vya kazi, na mandola ya f aliyoimaliza kwa ajili ya parokia. Tuliwajua kwa majina. Mmoja nilishawahi kumbeba mgongoni alipokuwa mdogo.

Ikabaki mandola moja tu, ya duara, aliyonitengenezea tulipooana. Iliponea kwa sababu ilikuwa chumbani nyuma ya pazia.

Baba Odile akampeleka mama yake stesheni. Familia nyingi za Kasai zilikuwa zimekimbilia huko, zinalala chini, zinangoja treni ya kuwaondoa. Alipofika kule akawa hawezi tena kurudi mtaani.

Kaka yangu mkubwa, yaya Gaston, akaja kunichukua mimi na Odile, binti yetu aliyekuwa bado wa kubebwa. Akatupeleka kwake, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Nilimshukuru kwa moyo wote. Nilibeba nguo za mtoto na ile mandola, basi.

Huko nikangoja neno la mume wangu. Neno halikuja. Nikaanza kuwaza ujinga, kwamba ameamua kuondoka peke yake ili asituburute kwenye taabu. Wanaume wengine hufanya hivyo wakidhani ni upendo.

Kumbe neno lilikuja, wakuu.

Nililijua asubuhi ile treni ilipoingia. Wifi yangu, mke wa Gaston, alikuwa anafua. Akaacha nguo ndani ya beseni, akaniambia bila kuniangalia kwamba mume wangu alituma mtu kwa Gaston. Aliuliza kama nitakwenda naye au nitabaki kwetu, na kwamba nikibaki hatanilaumu. Gaston akajibu kwa niaba yangu. Akasema nimechagua kubaki.

"Ule anajua asema ulimukatala," wifi akaniambia. "Na treni inaenda leo."

Sikulia. Nilikuwa na hasira isiyoacha nafasi ya machozi. Nikamfunga Odile mgongoni, nikafungasha kwenye kitenge unga wa bukari, ugali wetu, sufuria ndogo na kisu cha jikoni, nikachukua mandola, nikatoka. Msiniulize mandola ya nini. Nyumba ikiungua mtu huokoa chochote mkono ulichokigusa.

Stesheni ilikuwa imefungwa. Ndani, nyuma ya fensi ya mabati na vyuma vya reli, watu na mizigo na wagonjwa, mabehewa ya mizigo yamejaa mpaka milangoni. Nje, wauza maji, watazamaji, na vijana waliokuja kushangilia wenzao wakiondoka. Ndiyo, kushangilia.

Askari walishafunga lango. Aliye ndani yuko ndani, aliye nje aende kwao. Nilimbembeleza mmoja, nikamwambia mume wangu yuko mule. Akanisukuma kwa kitako cha bunduki, si kwa ukatili, kwa uchovu tu.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi. Mume wangu yuko ndani ya behewa mojawapo, sijui lipi, kakaa na mama yake, anaamini mke wake kamkataa. Hana sababu ya kutazama nje. Tena aliyeshuka hapandi, nafasi inamezwa hapo hapo. Na injini inaunguruma.

Mtasema, si ungemwita? Wakuu, kila mtu pale alikuwa anaita. Baba nani, Mama nani, majina yanagongana hewani hakuna linaloshika. Na mimi nikisimama katikati ya wale vijana nikimwita mume wangu wa Kasai kwa jina lake la kwao, nisingelimaliza.

Ndipo nikaipakata mandola. Nikajiambia huyu mtu hawezi kuijua sauti yangu kwenye kelele hii, ila mkono wangu anaujua. Nikasogea mpaka kwenye fensi, nikapiga kale kapande. Noti tatu za chini, halafu kupanda.

Haikufika popote.

Nimeshawaambia, chombo cha chumbani. Ile besi yake tamu na muungurumo wa injini vilikuwa kitu kimoja, injini ikaimeza yote. Mimi mwenyewe niliisikia kifuani tu. Nikapiga kwa nguvu zaidi mpaka uzi mmoja ukakatika.

Kijana mmoja akaniuliza kama nimekuja kuwaaga kwa muziki. Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ulicheka mdomo tu. Nilitamani ile ya f kama sijawahi kutamani kitu, na ya f iko kwa wezi wetu, pengine kwa mmoja wa hawa hawa.

Filimbi ya treni ikalia.

Pale pale nikawakumbuka wateja wetu. Wapumbavu wetu wote na visu vyao. Nikamkumbuka Baba Odile akitoka atelye mbio kabla hata hajamwona mtu, kwa kusikia tu. Nikajua kuna sauti moja inayoweza kumshusha yule mwanaume hata mbinguni, sembuse behewani.

Nikakaa chini, nikafungua kitenge, nikatoa kisu. Vijana wakarudi nyuma, walidhani nimerukwa na akili. Heri yao, walinipa nafasi.

Nilikata pembeni, mbali na nyuzi. Mbao ile laini inakatika kama sabuni. Kilichonisumbua ni pete nyembamba aliyoibandika kwa ndani kuimarisha ukingo. Niliivunja kwa kidole gumba, nikajikata, damu ikaingia kwenye ubao. Upande huu, upande ule, mpaka duara likawa mdomo wa kambare.

Hapo ndipo nililia. Ilikuwa zawadi ya harusi yangu. Niliiona ikizaliwa, nilijua alivyoulainisha ule ukingo kwa kipande cha chupa, siku baada ya siku, akiupuliza vumbi.

Nikasimama, nikapiga.

Mungu wangu, ubaya wa sauti ile! Ilitoka puani ikakwaruza, ikapita juu ya injini, juu ya vilio, juu ya majina yote. Hata askari wa langoni aligeuka. Nikapiga kale kapande, tena na tena, kabaya, kenye uzi pungufu.

Mkono ukanishika bega. Yaya Gaston, na kofia yake ya reli, anahema. Akanisihi turudi nyumbani, akaniambia nitauawa pale, akaanza kumtoa Odile mgongoni kwangu.

Sikuacha kupiga. Ningeacha ili nigombane naye, mume wangu angepotea. Nikawa napiga huku kitenge cha mgongoni kinalegea na mtoto wangu anavutwa nyuma yangu akilia. Nikiota vibaya hadi leo, naota dakika ile.

Halafu nikaona watu mule ndani wanasukumwa kando. Wote wanakwenda kwenye mabehewa, mmoja anakuja huku.

Alifika pale bati lilipokunjika, macho mekundu. Hakunitazama usoni. Aliitazama mandola.

"Nani alikata hii kitundu?"

"Ni miye."

"Weye?" Akaona damu kwenye ubao, akakiona kisu, ndipo akaniona mimi, na Odile. Sauti ikamshuka. "Balisema asema unabakia."

"Nani alisema? Miye sikusema kitu. Miye niko hapa."

Aliweka kiganja kwenye bati na midomo ikaanza kumcheza.

Nikamgeukia Gaston. Alikuwa bado amemshika Odile mguu mmoja. Alimtazama mume wangu, kisha akaitazama mandola ile, na yeye alikuwepo siku ya harusi nilipokabidhiwa, alishangilia kuliko wote. Akauachia mguu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo.

Watu wa reli walikuwa na kamlango kao karibu na ghala. Alitufungulia, akasema neno moja tu, "Pita." Hakumwangalia Baba Odile na hakunikumbatia. Nilipita.

Nafasi behewani ilitakiwa iwe imekwisha. Lakini mama mkwe wangu, mwanamke mdogo wa mwili na mkubwa wa mdomo, alikuwa amejilaza mlangoni, miguu nje, anamtukana kila anayekaribia, anasema mwanawe kaenda kumleta mkewe. Mimi alikuwa hajaniona. Kapande alikuwa amekasikia. Tukapanda tukimruka, na treni ikaondoka.

Safari yenyewe sitaisimulia hapa. Wapo walioianza tukiwa pamoja na hawakufika, na uzi wa mandola si mahali pao.

Baba Odile mpaka leo anashikilia kwamba alishuka kwa hasira tu, kwenda kumwonya mjinga aliyeharibu kazi yake. Mama yake aliniambia tofauti. Alisema mwanawe alipoisikia alijua papo hapo mkono ni wangu na mandola ni ile ya chumbani, na hakuelewa ni kitu gani kimetupata mimi nayo mpaka tulie vile. Alishuka analia jina langu.

Miaka mingi baadaye tulirudi Lubumbashi. Aliyekuja kutupokea ni Gaston, kichwa kimekuwa cheupe. Hatujawahi kulizungumza jambo lile. Kila akipata samaki wa Kilwa, ile Kilwa yetu ya ziwa Mweru, anatuletea, na mume wangu anamkatia mbao za kurekebishia milango yake. Mimi nimezipokea hizo samaki kama samahani. Zingine zina mifupa, lakini nazila.

Sasa kijana, turudi kwako.

Mandola yako si mbovu. Tundu lake la duara liliwekwa hivyo kwa sababu ni ya watu walio karibu. Simama ukuta ukiwa nyuma yako, au wasogeze waimbaji. Ikishindikana kabisa, tafuta fundi akutengenezee ya matundu ya f, uwe nazo mbili. Usilete kisu, maana mbao haioti tena.

Kila siku mnabishana humu tundu gani ni bora. Ninavyoona mimi, lipo la kumlilia mtu aliyekaa na wewe, na lipo la kumwita aliye mbali. Ukijua unamtaka nani utajua unataka tundu gani.

Hiyo ya kwangu mume wangu angeweza kuitengeneza. Ni kubandika pete mpya ya mbao kwa ndani tu, kazi anayowafanyia wateja kila mara. Mwenyewe hataki hata kusikia. Ameubadilisha ule uzi uliokatika, tundu kaliacha na damu yake.

Siku hizi masikio yake yanachoka. Mandola mpya akizipima havuki tena fensi, anasimama hapa hapa uani, na kila mwaka namwona kasogea kidogo. Ila hiyo moja anaisikia hata akiwa kwa muuza makala, yaani mkaa, mwisho wa mtaa.

Bukari ikiiva simwiti kwa jina. Naishusha ukutani, napiga noti tatu na kupanda. Anakuja analalamika njia nzima, watoto wa mtaa wameshazoea, wanamsindikiza wakicheka: nani alikata ile kitundu, nani alikata ile kitundu.

"Ni miye," namjibu. "Kuya tukule."

Haya, nimemaliza. Mafundi, wapigaji, na mliopita stesheni ile miaka ile, semeni na nyinyi, nipo nasoma. Na yule fundi wa kisu asijifiche, aje tuongee.

Kijana mwenye mandola, wewe ndiye wa kwanza. Kisu umekiweka wapi?